Sauti ya Mnarani

Asubuhi ile ukumbi wa kliniki ya vipimo ulifurika watu hadi kupata ukuta wa kuegemea ikawa bahati. Madereva wa malori, walinzi, wazima moto, marubani, kila mtu ambaye kazi yake inadai cheti cha afya alikuwepo, karatasi mkononi, macho kwenye mlango wa daktari. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani kibichi na viatu vya kisigino kifupi alikuwa amejibana mwisho wa benchi, karibu na pazia la chumba cha macho. Kazi yake ilikuwa kuongoza ndege. Mwaka wa tisa huo alikuwa akikaa juu ya mnara wa uwanja, hedifoni masikioni, akiwaambia marubani nani ashuke, nani asubiri, nani atue. Wenzake walimwita Bibi Rudia, maana rubani asiporudia neno kwa neno alichoambiwa, hamwachi mpaka arudie.

Nyuma ya pazia, mwanamume alikuwa akisoma herufi za ubaoni. Alizisoma taratibu, kila moja peke yake, kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Mwanamke aliinua kichwa. Sauti ile aliijua. Kwa miaka miwili alikuwa akiisikia kila siku ya zamu yake, saa mbili na dakika kumi asubuhi: "Mnara, Korongo Tano-Mbili, habari za asubuhi." Ilikuwa ndege ndogo ya viti tisa, rubani mmoja peke yake, iliyoleta abiria, vifurushi na masanduku ya dawa kutoka miji ya nyuma ya milima. Sauti aliijua hata ikiwa na mafua. Uso hakuwahi kuuona.

Pazia likafunguka. Akatoka mtu mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata, mvi mbili tatu juu ya masikio.

"Korongo Tano-Mbili," akasema yule mwanamke, kwa sauti yake ya kazini, "habari za asubuhi."

Mwanamume akasimama wima kama aliyeitwa jina lake msibani. Akageuka polepole. "Mnara?"

"Mwenyewe."

"Haiwezekani. Mimi nilijua Mnara ana miaka hamsini na tano, ana miwani, na ana fimbo."

"Na mimi nilijua Korongo ana kitambi."

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja akasogea kumpisha yule rubani. Lakini rubani akazunguka hadi mwisho wa benchi, mwanamke akasogea, naye akakaa, mwanamke akawa kuliani kwake.

"Rubani mkuu hukaa kushoto," akasema, akitabasamu. "Mazoea ya kazi."

Mwanamke alipotoka kwa daktari, saa moja baadaye, alimkuta bado yupo, vikombe viwili vya chai mkononi, kimoja kimeshapoa.

Basi mapenzi yao yakaanza hivyo, na yakapamba moto. Kazini hawakuvuka mstari hata siku moja. Maneno ya redioni ni machache, na kila moja lina kazi yake. Mnara unamwambia rubani ashuke futi ngapi, aelekee wapi, kama amepewa ruksa kutua; rubani anarudia; mnara unasikiliza marudio hayo kwa makini kuliko yalivyosemwa, kwa sababu kosa likiwepo ndipo linapojificha. Hakuna nafasi ya kusema nimekuota. Lakini ndege ikishaegeshwa na zamu ikishakwisha, simu ilianza.

"Mnara, Korongo anaomba ruksa kukaribia."

"Korongo, una mafuta ya kutosha?"

"Nina mikate miwili na mayai sita."

"Ruksa. Ghorofa ya nne, mlango wa bluu. Upande ngazi taratibu, lifti imekufa."

Mwanamke aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani asiye na breki mdomoni. Siku ya kwanza dada alimpima yule rubani kwa macho kuanzia kola hadi soli, akasema, "Shemeji, suruali yako inakupwaya kiunoni. Vua nikupunguzie." Rubani akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo akawa mtu wa nyumbani.

"Nilianza kukupenda kabla sijajua una macho," rubani alimwambia mwanamke Jumapili moja, wamekaa kibarazani, sare zao zimeanikwa pamoja kwenye kamba. "Siku moja kulikuwa na dhoruba. Ndege nne angani, wote tunapiga kelele. Wewe ukaongea kama mtu anayemimina maji kwenye gilasi. Nikasema huyu, hata akiniambia nitue kwenye paa la soko, natua."

"Ungetua kwenye nyanya."

"Ningetua, mpenzi."

Lakini palikuwa na vijambo. Mwanamume alipenda televisheni ipige kelele hadi jirani agonge ukuta. Mara nyingi alijibu swali ambalo hakuulizwa. Dada akimsemesha kutoka jikoni, alitabasamu tu. Mwanamke aliyaona hayo yote, akayaweka kwenye fungu la tabia za wanaume waliozoea kukaa peke yao angani.

Kisha ikaja asubuhi ya mawingu mazito.

"Korongo Tano-Mbili, shuka hadi futi elfu tisa."

"Nashuka hadi futi elfu sita, Korongo Tano-Mbili."

 Chini ya wingu lile palikuwa na mlima wenye futi elfu saba na ushee. "Hapana, si sita. Tisa. Futi elfu tisa. Rudia."

 "Tisa. Elfu tisa. Samahani, Mnara."

Jioni alimtania. "Leo ulitaka kuutoboa mlima."

"Sita na tisa," akajibu, akiangalia kikombe chake. "Mtu yeyote huyachanganya." Na kwa mara ya kwanza utani wa mwanamke haukumchekesha.

Wiki tatu baadaye walikuwa wakitembea kutoka mjini, saa kumi na moja jioni. Mafundi wa barabara walikuwa wamechimbua njia ya waenda kwa miguu upande wa kulia, mashine ya kuvunjia lami inanguruma, kwa hiyo mwanamke akajikuta kushotoni kwa mpenzi wake. Alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya maziwa aliyoshonewa na dada kwa ajili ya siku ile, kwa sababu siku ile alikuwa na neno. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa amengoja aulizwe, akachoka kungoja, akapiga moyo konde.

"Nataka tuoane," akasema. "Najua wewe ndiye unapaswa kusema, lakini basi, nimesema mimi. Unaonaje?"

Mwanamume aliendelea kutembea, mikono mfukoni. Wakapita duka la viatu. Wakapita posta. Ndipo aliposema, "Hivi viatu vinanibana. Nilikosea kuvinunua."

  Kwenye kona mwanamke alisema anaumwa kichwa, akaita pikipiki, akaondoka.

"Viatu?" dada alishangaa, pini zimejaa mdomoni. "Umemwambia mtu muoane, akakujibu viatu?"

"Ndivyo alivyojibu."

"Huyo si mjinga, mdogo wangu. Huyo kakataa kwa adabu."

Siku tatu hakupokea simu. Ujumbe ulikuja: "Mnara, Korongo anakuita." Kisha: "Mama, nimekosa nini?" Aliusoma wote, akaufuta wote. Redioni asubuhi alimpa kimo, mwelekeo na ruksa, bila hata "siku njema" ambayo humpa kila rubani. Sauti ya mwanamume ilikuwa ikisubiri kidogo kabla ya kuzima, kama mtu aliyesimama mlangoni asijue kama atakaribishwa. Mwanamke akahamia kwa rubani anayefuata.

Siku ya nne ilinyesha mvua ya kukata. Vioo vya mnara vilikuwa vikitiririka na mwisho wa njia ya kutulia ndege haukuonekana. Ndege kubwa ya abiria ilikuwa imetua dakika mbili nyuma, ikapasuka gurudumu, ikakwama katikati ya njia. Ndani yake walikuwemo watu arobaini na mmoja. Na Korongo alikuwa akikaribia, ameshaambiwa aendelee kushuka na kungoja ruksa.

"Korongo Tano-Mbili, kuna ndege njiani. Usitue. Panda, zunguka tena."

"Nimepokea, ruksa kutua, Korongo Tano-Mbili."

 Mkuu wa zamu, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, alinyanyuka kitini.

"Hapana! Korongo Tano-Mbili, hapana ruksa. Panda, zunguka tena. Rudia."

Hakurudia. Kwenye skrini ya rada alama ndogo ya Korongo ilizidi kushuka: futi mia sita, mia tano, mia nne. Ndipo yule mwanamke, Bibi Rudia, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kukosea mpangilio wa maneno, akasimama na kupiga kelele.

"Panda! Panda, mpenzi wangu, panda!"

Sekunde moja. Mbili. Taa za ndege ndogo zikachomoza kwenye mvua, pua ikainuka, injini ikalia kama mnyama aliyetiwa kisu, ikapita juu ya mkia wa ile kubwa, kati yao pakabaki kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Ikapotea mawinguni.

"Napanda," ikasema sauti redioni, kavu. "Korongo Tano-Mbili, nazunguka."

Mwongoza ndege mwenzake alimpokea mwanamke hedifoni, kama utaratibu unavyotaka.  Na wakati ule ule, pale pale, mwanamke akaiona akilini barabara iliyochimbuliwa, mashine ya lami, na yeye mwenyewe kushotoni kwa mtu ambaye sikuzote alihakikisha mwanamke ndiye aliye kuliani kwake.

Hakunikataa, akawaza. Hakunisikia.

Ndege kubwa ilipokwisha kuondolewa njiani na Korongo kutua salama, mkuu wa zamu aliweka fomu ya tukio mezani, akakaa mbele ya mwanamke. "Hilo neno la mwisho halimo kitabuni, mwanangu."

"Najua, mkuu."

"Mengine yote yamo. Sasa niambie, ilikuwa redio au ilikuwa rubani? Mvua kama hii, redio ikikwaruza hakuna atakayeshangaa. Wewe ndiye unayejua."

"Naomba nusu saa."

Mvua ilikuwa imekatika alipofika kwenye banda la ndege. Mwanamume alikuwa amesimama chini ya bawa peke yake, amempa kisogo, shati limemganda mgongoni. Mwanamke akamwendea upande wa kushoto mpaka zikabaki hatua tatu.

"Geuka," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Hakugeuka.

"Geuka basi, tafadhali."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bawa. Mwanamke akanyoosha mkono, akamgusa bega. Mwanamume akaruka kama aliyeshikwa na umeme.

"Mama! Umetoka wapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Masikio."

Alifungua mdomo atanie, akaufunga. Akakaa juu ya gurudumu la ndege yake. "La kushoto, miaka miwili. Mwanzoni lilikuwa likipiga filimbi tu. Sasa halina kitu. La kulia limeanza mwaka huu."

"Na kliniki? Si wanakupima?"

"Mpimaji hukaa nyuma ya kioo. Akibonyeza kitufe, bega lake hutikisika kidogo. Likitikisika, na mimi nabonyeza changu."

Mwanamke akakumbuka. Siku ile ya chai, yeye akicheka benchini, hayo ndiyo yalikuwa yametoka kutendeka.

"Sikiliza," akasema mwanamume, akamshika mikono yote miwili. "Andika redio. Neno moja tu. Nitakwenda kwa daktari, nitatafuta dawa, nitaomba likizo. Nina miaka arobaini na tatu, na tangu ishirini na mbili sijafanya kazi nyingine. Wakinivua leseni mimi ni nani? Niambie, laazizi, mimi ni nani?"

"Kulikuwa na watu arobaini na mmoja chini, na saba nyuma yako."

"Najua."

"Alikuwemo mama mwenye mtoto mgongoni. Nimemwona akishuka."

"Nimesema najua!"

"Basi usiniombe."

Akamwachia mikono. "Ningekuwa mtu baki, ungeandika hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi ni mtu baki." Akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku tatu hupokei simu zangu. Siku tatu unaniongelesha kama mbwa wa jirani. Nimekukosea nini, hunambii. Leo umepata fimbo ya kunichapia, haya, nichape."

Neno lilimfika mwanamke kwenye ulimi: nilikuomba tuoane, hukunisikia. Lakini angelisema vipi pale? Lingekuwa kama kumnunua ili asikasirike, au kama kujitetea.  Alirudi mnarani, akapanda ngazi mia moja na nane, akajaza fomu kwa mwandiko uliosimama: rubani hakusikia agizo mara mbili, alitii mara tu aliposikia. Mkuu wa zamu aliisoma, akamwekea mkono kichwani kidogo, akaondoka nayo.

Wiki tano zikapita. Simu ya mwanamume ilizimwa. Ndege yake akapewa rubani mwingine, msichana mwenye sauti nyembamba, na kila asubuhi, saa mbili na dakika kumi, msichana yule akasema, "Mnara, Korongo Tano-Mbili, habari za asubuhi," bila kujua anachofanya. Mwanamke alimpa kimo, akampa mwelekeo, akampa ruksa. Kisha alikunywa maji. Akirudi nyumbani alikula vijiko viwili, akaenda kulala na jua bado lipo. Blauzi ya rangi ya maziwa aliisukuma chini kabisa ya sanduku. Dada, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimfunika shuka na kuzima redio ya jikoni.

Kikao cha uchunguzi kiliitishwa Jumanne, ghorofa ya pili ya ofisi za serikali, chumba chenye feni mbovu na meza ndefu. Maofisa walikuwa watatu, mwenyekiti wao mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Rubani alikaa upande mmoja, amekonda, shati la kiraia. Suruali ile ile iliyopunguzwa kiuno sasa ilikuwa imempwaya tena. Mwongoza ndege alikaa upande wa pili. Hawakutazamana.

Wakaicheza kanda. Mwanamke alisikia sauti yake mwenyewe ikimwita, ikimkataza, ikimsihi. Alimtazama mwanamume kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaza macho kwenye spika, uso mtupu, na ilikuwa dhahiri kwamba kinachomfikia ni ngurumo tu. Karani naye aliliona hilo, akamsogezea karatasi yenye mazungumzo yote yaliyoandikwa. Mwanamume akaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, jinsi alivyosoma zile herufi za kliniki.

Kidole kikafika chini, kikasimama. Kikarudi juu kidogo. Kikashuka tena.

Kisha akanyanyuka, bila kuitwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sina haja ya kuulizwa maswali," alisema, kwa sauti kubwa kupita chumba kile. "Masikio yangu yamekufa na mimi nilijua. Niliwadanganya wapimaji kwa kuangalia bega la mtu kwenye kioo. Mwongoza ndege hakukosea. Kama si yeye, leo mngekuwa mnahesabu majeneza. Leseni yangu hii hapa."

Akaiweka mezani. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Uamuzi haukuchukua muda: leseni ikafutwa kabisa. Na mwongoza ndege, kwa kutumia redioni maneno yasiyoruhusiwa, akapewa onyo la maandishi.

Mwanamke alimkuta kwenye ngazi, amesimama akingoja. Watu walipanda na kushuka na mafaili yao kwapani, wakiwapita kama maji yanavyopita jiwe. Mwanamke akashuka hadi akawa mbele ya uso wake.

"Mimi nilisikia 'panda' tu," mwanamume akasema. "Mengine sikuyajua mpaka leo."

"Yamenipatia onyo. Nitalitia kwenye fremu."

Hakucheka, ila kitu usoni kililegea. "Nilikutukana pale bandani."

"Ulinitukana."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe nikiwa ngazi ya kumi. Zilibaki tisini na nane."

Sasa alicheka, kisha cheko likamkatikia. "Niambie na wewe. Zile siku tatu. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

Mwanamke akamweleza: barabara iliyochimbuliwa, mashine, blauzi, na neno alilolisema. Alilisema taratibu, midomo ikionekana vizuri. Mwanamume akakaa kwenye ngazi pale pale, katikati ya njia ya watu.

"Uliniambia hivyo? Na mimi nikasema nini?"

"Ukasema viatu vinakubana."

"Viatu!" Akapiga paji la uso kwa kiganja, akaanza kucheka, na kicheko kile kile kikageuka, mabega yakaanza kumtikisika, akafunika uso. Mwanamke akakaa kando yake. Karani mmoja akawaruka kwa heshima.

"Nimekwenda kwa daktari mwingine," akasema alipoweza. "Safari hii kioo hakikuwepo. Amenipa mwaka, au miwili nikibahatika. Baada ya hapo ni kimya. Mimi nilikupenda kwa sauti, Mnara. Utaolewaje na mtu ambaye hataisikia?"

"Kwanza, mimi si sauti tu, nina miguu mizuri pia. Pili, nimekuuliza swali mara moja ukanijibu viatu. Leo nakuuliza mara ya pili, na siongezi ya tatu."

Akamtazama muda mrefu, midomo yake, macho yake, kola ya sare yake. "Nataka," akasema. "Nilitaka tangu siku ya dhoruba."

Walioana baada ya miezi miwili, mbele ya msajili, dada akiwa shahidi na fundi wa nguo zote. Mwanamume akapata kazi ya kufundisha usomaji wa ramani za anga kwenye chuo. Wanafunzi wake huandika maswali ubaoni. Yeye mwenyewe haruki tena, na ndege ikipita juu ya nyumba hainui kichwa mpaka aone kivuli chake uani.

Mwaka ule wa kwanza alimwomba mkewe amsomee. Chochote. Magazeti, maelezo ya kwenye maboksi ya dawa, mistari ya kitabu cha kazini. Shuka hadi futi elfu nne. Uko wa pili kutua. Alilaza sikio la kulia kifuani kwake, akafumba macho, na mwanamke akasoma mpaka koo likamkauka, maana wote wawili walijua kinachofanyika ni kuweka akiba.

Jumamosi moja ya mwaka wa pili, asubuhi, mwanamke alikuwa akikaanga mayai huku akisimulia jinsi dada yake alivyogombana na mteja juu ya zipu. Alisimulia kwa sauti zote mbili, ya dada na ya mteja, na kila mara aliigeukia meza kuona kama mumewe anacheka. Alikuwa anacheka.

"Mama," akasema mwanamume. "Nina jambo."

"Sema."

"Ni wiki mbili sasa. Naona midomo tu."

Kijiko kikabaki hewani. "Wiki mbili? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uendelee kuongea."

Mwanamke alizima jiko. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakagusana, akamshika mikono. Mayai yakapoa kwenye kikaango. Akaianza upya ile habari ya dada na zipu, tangu mteja alipobisha hodi, hakuruka hata neno. Sauti ilikuwa ikimtetemeka, lakini hilo mumewe hakulijua.